Mlee Mbwa Wako Vema: Ukali Wake Watoka Wapi?



Pengine wewe ni mmoja wa wale ambao huacha njia na kuzunguka wakiona alseshani amelala langoni. Si ajabu. Katika skimu zetu mbwa wa aina hiyo ana jina baya, na kadhalika rotwaila, dobamani na pitibuli. Watu husema, "Huyo amezaliwa kuuma." Mmoja wao akimuuma mtoto, kijiji kizima hutaka wote wa aina yake wauawe kwa risasi au kwa sumu.

Tena yuko mkulima wa namna nyingine. Huyu humtafuta mbwa wa aina hiyo kwa sababu ya jina lake baya. Akisha kumpata humfunga mnyororo nyuma ya ghala, humpiga, humnyima chakula, akitumaini kwamba wezi wa ng'ombe watamwogopa.

Wakulima hawa wawili wadhani kwamba hawakubaliani, lakini wanaamini jambo moja: kwamba ukali umo katika damu ya mbwa, na mwenye mbwa hana kazi ila kuuogopa au kuutumia. Makala haya yataka kukuonyesha kwamba si hivyo. Mimi si daktari wa mifugo. Ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Lakini mtu aliyefundishwa kulea watoto wa shule ataona upesi kwamba habari ya mbwa haiko mbali na habari ya mtoto. Wazee wetu walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa skimu. Zamani shamba la mlowezi lilikuwa la mamia ya ekari, na nyumba moja katikati. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba mengi ya namna hiyo yalikatwa vipande, na tangu hapo baba wamewagawia wana, na wana wamewagawia wajukuu. Leo boma lapakana na boma. Watoto hupita kwenye vijia vya mipakani wakienda shule. Mchukuzi wa maziwa hupita alfajiri na mikebe yake. Mbwa mkali ambaye zamani angebweka peke yake katika shamba kubwa, leo yuko hatua chache tu kutoka mlango wa jirani. Kwa hiyo malezi ya mbwa wako si shauri lako peke yako.

JINA BAYA LILITOKA WAPI?

Tuanze na alseshani, maana ndiye tunayemjua zaidi. Wengi hawajui kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga kondoo. Mwaka 1899 mwanajeshi mmoja wa Ujerumani, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha kutunza uzazi wa mbwa wa wachungaji wa nchi yake. Alitaka mbwa mwenye akili, asiyechoka, na mtiifu kwa mchungaji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza hawakupenda jina lolote la Kijerumani, wakamwita Alsatian, yaani mbwa wa nchi ya Alsace. Hapo mwanzo waliongeza na neno "mbwa-mwitu", na neno hilo likamtia katika taabu. Watu wakasadiki kwamba ana damu ya mbwa-mwitu.

Huko Australia wafugaji wa kondoo waliingiwa na hofu kubwa. Walisema kwamba alseshani akizaana na mbwa wa porini wa huko, kutatokea kizazi cha kuwamaliza kondoo wote. Mwaka 1929 serikali ikapiga marufuku kuwaingiza, na marufuku hayo hayakuondolewa kabisa mpaka mwaka 1974. Fikiri, ndugu mkulima: mbwa aliyeumbwa kwa kazi ya kuchunga kondoo alizuiwa miaka 45 kwa hofu kwamba atawala kondoo.

Sasa tazama kazi alizofundishwa mbwa huyu. Mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg huko Ujerumani, ilifunguliwa shule ya kuwafundisha mbwa wa aina hii kuwaongoza askari waliopofushwa vitani. Mbwa alijifunza kusimama penye shimo, kungoja gari lipite, na kumfikisha bwana wake nyumbani salama. Haikupita miaka 30, na katika nchi hiyohiyo, walinzi wa kambi za Hitler walikuwa na mbwa wa aina hiyohiyo waliofundishwa kuwararua wafungwa. Uzazi ni ule ule. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kamba.

Hapa kwetu nasi tuna kumbukumbu yetu. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi wavikumbuka vibao vya "Mbwa Kali" malangoni. Mbwa wengi wa walowezi walilelewa nyumbani, wakalala karibu na moto, wakachezewa na watoto wa bwana mkubwa. Mwafrika walimjua kwa njia moja tu: ni mtu anayefokewa, anayefukuzwa, anayekimbia. Mbwa hazaliwi akijua rangi ya mtu. Hutazama uso wa bwana wake, akajifunza nani apendwe na nani achukiwe. Watu wakasema kwamba alseshani humchukia Mwafrika. Lakini mbwa yule yule akilelewa na familia ya Kiafrika tangu mdogo, hucheza na watoto na kuwalinda ng'ombe wao.

Rotwaila naye alikuwa mfanyakazi wa wachinjaji. Jina lake latoka mji wa Rottweil, Ujerumani ya kusini. Aliwaswaga ng'ombe mpaka sokoni, na huvuta mkokoteni wa nyama. Reli ilipoanza kuchukua mifugo, kazi yake ikapungua, ndipo baadaye polisi wakamtwaa. Pitibuli asili yake ni Uingereza, ambako watu walikuwa wakiwashindanisha mbwa na mafahali kwa mchezo na kamari. Mchezo huo ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835. Watu wabaya hawakukoma, ila waliingia mafichoni wakaanza kuwashindanisha mbwa kwa mbwa, na tabia hiyo ikavuka bahari mpaka Marekani.

Waona basi kwamba kila mbwa mwenye jina baya amepitia mikononi mwa watu waliomtaka awe mbaya.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Miaka ya 1950 na 1960, wataalamu katika kituo kimoja cha Bar Harbor, jimbo la Maine huko Marekani, walifanya jaribio ambalo kila mfugaji yafaa alijue. Waliwachukua watoto wa mbwa wa aina ndogo za upole, wakawaweka pamoja na mama zao katika uwanja uliozungushwa ua mrefu. Chakula walipewa bila kumwona mtu. Baadhi yao walitolewa kwa juma moja tu, wengine wakiwa na majuma 2, wengine 3, wengine 5, 7 au 9, wakashikwa na kuchezewa na watu, kisha wakarudishwa. Wengine hawakuguswa na mtu mpaka majuma 14.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1961. Wale waliochezewa kati ya juma la 3 na la 9 waliwazoea watu. Wale ambao hawakuguswa mpaka majuma 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Waliwakimbia watu, na juhudi ya baadaye haikuwabadilisha sana. Kumbuka kwamba hao hawakuwa alseshani wala rotwaila. Walikuwa mbwa wa aina ndogo za upole. Kwa hiyo hata mbwa wa aina ya upole, ukimwacha bila mkono wa mtu katika majuma yale, atakuwa mwitu.

Mambo ya siku hizi yanakubaliana na hayo. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani waliandika katika jarida la Science habari za mbwa zaidi ya 18,000 ambao wenyewe waliulizwa maswali juu ya tabia zao. Zaidi ya 2,000 kati yao walipimwa chembe za urithi. Ikaonekana kwamba aina ya mbwa yaeleza kama sehemu 9 tu kwa mia ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Ukimwona mbwa mgeni na kusema "huyu ni wa aina fulani, basi atakuwa hivi," mara nyingi utakosea.

Je, fimbo nayo? Mwaka 2009 ilitolewa taarifa ya hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako wenye mbwa 140 waliulizwa njia walizotumia kuwarudi mbwa wao wakorofi. Kati ya waliowapiga mbwa kwa mkono au kwa teke, 43 kwa mia walisema kwamba mbwa aligeuka kuwa mkali kwao wenyewe. Fimbo haikutoa ukali. Iliuongeza.

Nchi kadhaa zimejaribu kutunga sheria za kukataza aina fulani. Uholanzi iliwakataza pitibuli mwaka 1993, lakini mwaka 2008 serikali ilitangaza kuiondoa sheria hiyo, maana idadi ya watu walioumwa haikupungua. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1991, nayo ikazidi kuongeza. Mwisho wa mwaka 2023 aina nyingine kubwa iliongezwa katika orodha. Watu bado wanabishana huko. Lakini jambo moja ni wazi: ukimwondoa mbwa wa aina moja na kumwachia mwenye mbwa mbaya, kesho atatafuta mbwa wa aina nyingine amharibu vilevile.

WATOTO WAWILI WA MAMA MMOJA

Sasa tufanye kama darasani. Tuseme jike la alseshani limezaa, na watoto wawili wamechukuliwa siku moja na wakulima wawili majirani. Ni ndugu wa tumbo moja. Tuwafuate.

Mkulima wa kwanza ataka mbwa mkali. Amchukua mtoto akiwa na majuma 5 tu, kabla mama yake hajamfundisha kuuma kwa kiasi. Mtoto wa mbwa huyajua mambo hayo kwa kucheza na nduguze: akiuma sana, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Huyu hakupata somo hilo. Amfungia katika kibanda chenye giza ili "asizoeane na watu". Watoto wa jirani wapita na kutupa mawe juu ya ubao; mtoto wa mbwa hawezi kukimbia wala kuona, asikia kishindo tu. Jioni mkulima ampa ugali kidogo, na akikaribia bakuli kwa papara ampiga teke. Wako hata wanaowalisha mbwa pilipili wakidhani kwamba itawatia ukali. Pilipili huunguza tumbo tu. Akiwa na miezi 6 afungwa mnyororo wa hatua mbili, nao haufunguliwi. Akibweka kwa mtu, asifiwa. Akinguruma, apigwa.

Angalia hapo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kunguruma ni maneno ya mbwa. Ni kusema: "Naogopa, tafadhali simama hapo." Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma. Hofu haikuondoka, lakini onyo limeondoka. Siku moja mnyororo wakatika, na mtoto wa kwanza apitaye njiani aumwa bila onyo lolote. Watu wasema, "Aligeuka ghafla." Hakugeuka ghafla. Alifundishwa kwa mwaka mzima.

Mkulima wa pili amngoja wake mpaka majuma 8. Tangu siku ya kwanza amshika kila siku, amgusa masikio, miguu na mdomo. Mke wake, watoto na bibi mzee wampa chakula kwa mikono yao. Amchukua akiwa kwenye kamba mpaka penye kituo cha maziwa, aone watu, baiskeli, pikipiki, mwavuli, mtu mwenye fimbo, mtu mwenye kofia. Amlaza karibu na zizi, azoee ndama, kondoo na kuku. Akifanya vema apewa kipande cha kiazi au neno jema. Akikosea aambiwa "Hapana!" mara moja kwa sauti imara, mchezo wakoma. Mchana apumzika kivulini, usiku afunguliwa ndani ya ua.

Akiwa na mwaka mmoja na nusu, mbwa huyu ni mkubwa na mwenye nguvu sawasawa na nduguye. Usiku mtu akigusa waya wa ua, yeye abweka mpaka boma lote liamke. Asubuhi mchukuzi wa maziwa akija, anyamaza kwa neno moja. Huyo ndiye mlinzi. Mwizi aogopa mbwa anayeamsha watu. Mbwa aliyefungwa nyuma ya ghala na kubweka usiku kucha kwa kila panya, mwenyewe hamwamki tena.

Pengine wauliza, "Na mbwa wa polisi?" Mbwa wa polisi ni ushahidi mkubwa kuliko wote. Hushika kwa amri na huachia kwa amri, naye hufanya kazi na askari anayempenda na kumtunza. Mbwa aliyetiwa wazimu kwa njaa na mateke hafai kwa kazi hiyo hata siku moja, kwa kuwa hawezi kuachia.

JE, UZAZI HAUNA KAZI?

Hatusemi hivyo. Mkulima anayechagua ndama ajua kwamba mama mkorofi kukamuliwa aweza kuzaa mtamba mkorofi. Vivyo hivyo mbwa. Jike mwoga, anayejificha na kuuma kwa hofu, huwapa watoto wake woga, kwa damu na kwa mfano pia. Kwa hiyo ukienda kununua, mtazame mama kwanza. Akija kwako bila hofu, chukua. Akinguruma kila wakati kwenye pembe ya nyumba, acha hata kama bei ni nafuu.

Tena ukubwa ni ukubwa. Mbwa koko wa kilo 12 na rotwaila wa kilo 45 wakikosea kosa moja, madhara si sawa. Ndiyo maana mwenye mbwa mkubwa hana budi kuwa mwalimu mwema zaidi. Fahali wa gredi na mbuzi dume wote huwa na pembe, lakini humwachii mtoto mdogo fahali.

AKIWA AMEKWISHA KUHARIBIWA

Mwaka 2007 polisi wa jimbo la Virginia, Marekani, waliingia katika shamba la Michael Vick, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, wakakuta mbwa zaidi ya 50, wengi wao pitibuli wa kushindanishwa. Walikuwa wamefungwa minyororo mizito, wengine wana makovu mengi. Vick alihukumiwa kifungo cha miezi 23, akatakiwa kulipa zaidi ya dola 900,000 kwa ajili ya kuwatunza mbwa hao.

Siku zile desturi ilikuwa kuwaua wote, maana watu waliamini kwamba mbwa wa mchezo huo hawezi kuponyeka. Safari hii mahakama ilikubali wapimwe mmoja mmoja. Aliyeuawa kwa sababu ya ukali alikuwa mmoja tu. Wengine 22 walipelekwa katika kituo cha huko Utah, wengine vituo vingine, na wengi wakapata nyumba zenye watoto na mbwa wengine. Baadhi yao walifundishwa kuwatembelea wagonjwa hospitalini. Wengi hawakuwa wakali hata kidogo. Walikuwa waoga, wakilala kifudifudi mtu akiinua mkono.

Fundisho lake kwetu ni hili: usimhukumu mbwa kwa aina yake wala kwa matendo ya bwana wake wa zamani. Mtazame yeye mwenyewe. Lakini usijidanganye pia. Kazi ile ilifanywa na wataalamu kwa miezi na miaka, na wengine hawakupona woga wao. Kama umerithi mbwa aliyekwisha kuuma mtu, usimjaribu mbele ya watoto. Mweke ndani ya ua imara, mwite daktari wa mifugo, ufuate shauri lake. Ni rahisi kulea kuliko kurekebisha. Samaki mkunje angali mbichi.

MASHAURI KWA MFUGAJI

1. Usimchukue mtoto wa mbwa kabla ya majuma 8. Mama na nduguze wanamfundisha.

2. Kati ya juma la 3 na la 14 mfugaji asilale. Mshike kila siku, aone watu wa namna nyingi na wanyama wote wa boma. Kwa kuwa bado hajamaliza chanjo, usimpeleke penye mbwa wagonjwa au wasiojulikana.

3. Tumia neno moja kwa amri moja, na watu wote wa nyumbani walitumie hilohilo. Baba akisema "Keti" na mtoto akisema "Lala", mbwa hatajua lipi ni lipi.

4. Tunza kwa tuzo, si kwa fimbo. Kipande cha kiazi cha wakati wake ni bora kuliko bakora kumi zilizochelewa. Mbwa akipigwa saa moja baada ya kosa hajui apigwa kwa nini. Ajua tu kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa.

5. Mnyororo usiwe nyumba. Kama lazima afungwe mchana, afungwe kwenye waya mrefu ulionyoshwa kati ya nguzo mbili, ili pete ya mnyororo iteleze na yeye apate kutembea, penye kivuli na maji. Kila siku afunguliwe na kutembezwa.

6. Mpe chakula cha kutosha, kwa wakati mmoja kila siku. Mbwa mwenye njaa hulinda bakuli kuliko boma. Usimpe mapafu wala maini mabichi ya kondoo aliyechinjwa, maana huambukizwa minyoo inayowadhuru watu.

7. Wafundishe watoto nao. Wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala, wala mwenye watoto. Wasitupe mawe. Wakikutana na mbwa mgeni wasimame wima, mikono chini, wasikimbie wala kumkazia macho. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata mpole.

8. Asiyekusudiwa kuzaa ahasiwe na daktari wa mifugo. Atazurura kidogo, na hutapata watoto wa mbwa wa kutupwa barabarani. Hao waliotupwa ndio hugeuka makundi yanayoshambulia kondoo usiku.

UKALI WA GHAFLA NI UGONJWA

Yote tuliyosema ni juu ya tabia inayojengwa polepole. Mbwa mpole akibadilika kwa siku chache, usifikiri malezi. Kwanza fikiri maumivu: kidonda, sikio lililooza, jino, kupe wengi. Mponye, na upole utarudi.

Pili, na hili ni la kuogopwa, fikiri kichaa cha mbwa. Kenya kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, karibu na Nairobi, na hakijatoka. Mbwa mpole huwa mkali, au mkali huwa mnyonge na kujificha. Udenda hutoka, sauti hubadilika, kumeza humshinda. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, 99 kwa mia, waliupata kwa mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni kama hakuna kupona. Lakini kabla ya dalili waweza kuzuiwa.

Mtu akiumwa, oshwe kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 kamili. Usipake dawa za majani wala samli. Kisha aende hospitali siku ileile aanze chanjo, na amalize sindano zote atakazoambiwa. Mbwa, kama yu hai na aweza kufungiwa salama, afungiwe aangaliwe siku 10, na ofisi ya mifugo iarifiwe.

Mbwa wako achanjwe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Wataalamu wasema kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukoma kuenea. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kufaulu mbwa wakifichwa nyuma ya ghala siku ya chanjo kwa kuwa ni wakali mno kushikwa. Hapo tena waona faida ya malezi: mbwa aliyezoea mkono wa mtu hupelekwa kwa kamba na kuchanjwa kwa dakika moja, na yule wa mnyororo habebeki.

MWENYE MBWA NDIYE MWENYE KOSA

Ng'ombe wako akiingia katika mahindi ya jirani, hatuitishi baraza la kuwashtaki Friesian wote. Twamwita mwenye ng'ombe. Na iwe hivyo kwa mbwa. Mtoto akiumwa, tusiulize kwanza, "Mbwa alikuwa wa aina gani?" Tuulize: "Alilelewaje? Ua ulikuwaje? Alichanjwa lini? Nani alimchokoza?" Tukiuliza hivyo tutapata njia ya kuzuia asiumwe mtoto wa pili. Tukiuliza aina tu, tutaua mbwa wema na kumwacha mwenye kosa akanunue mwingine.

Tena kumtesa mbwa ni kosa mbele ya sheria ya Kenya. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yakataza kumpiga, kumnyima chakula na kumpiganisha mnyama. Wako wanaodhani kwamba sheria hiyo ni ya watu wa mjini. Ni ya kila boma.

Basi, ndugu mkulima, ukienda kumtazama mbwa wako jioni hii, jiulize maswali matatu. Je, hujikunja nikiinua mkono? Je, mtoto wa jirani aweza kupita njiani bila kuogopa? Je, naweza kumshika mwenyewe siku ya chanjo? Kama majibu si mazuri, anza kesho asubuhi kwa kumpa chakula kwa mkono wako na kumtembeza kwa kamba. Na siku ya chanjo ikitangazwa katika baraza la chifu, uwe wa kwanza kufika.

Mwenye shida ya mbwa asiyeshikika, au anayetaka kujua tarehe ya chanjo katika kata yake, na afike ofisi ya mifugo iliyo karibu naye. Asingoje mpaka mtu aumwe.